Santuri za wajukuu



Tangu tulipozungumza hapa juu ya bendi za zamani, barua zenu zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa njia nyingi. Mzee mmoja wa Nyeri anasema kwamba katika matatu na redioni husikia nyimbo zile zile kumi, asubuhi hadi jioni, na anataka kujua kama wanamuziki wengine wote walikufa. Mama mmoja wa Likoni anatafuta zawadi ya kumnunulia mumewe aliyestaafu, mpenzi wa taarabu ambaye amechoka na kelele za harusini. Naye kijana mmoja wa Kisumu, ambaye marehemu baba yake alikuwa mpiga gita, anauliza afanye nini na katoni ya kaseti iliyobaki chini ya kitanda. Huyo wa tatu nitamjibu mwishoni, maana jambo lake ni zito kuliko la kuchagua santuri. (Ndiyo, mimi bado nasema santuri. Vijana wanasema albamu. Tutaelewana.)

Jibu la jumla ni kwamba muziki mzuri upo, tena tele, ila hauko mahali ulipozoea kuutafuta. Zamani ulishuka River Road, ukasimama mbele ya kibanda huku spika zikikupigia masikioni, ukamwambia muuzaji, "Ile mpya," naye akajua. Siku hizi santuri nyingi za maana hurekodiwa chumbani, kwa kompyuta moja, na kutolewa na lebo ndogo za watu wawili watatu ambao hawana fedha za kuwabembeleza watangazaji. Ndio wanaoitwa wanamuziki wanaojitegemea, ingawa kusema kweli wengi wao wanamtegemea mama, mke au kazi ya mchana. Usiposimuliwa na mtu, huwezi kujua kwamba kazi zao zipo. Basi leo nakusimulia.

Nitaanza na kijana anayejiandika KMRU. Ukiisoma polepole utagundua kwamba ni Kamaru iliyoondolewa herufi a zake mbili. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru, na kama unatoka sehemu za Murang'a najua umeshashtuka. Naam, ni mjukuu wa yule yule Joseph Kamaru, na kama ilivyo desturi ya Wakikuyu amepewa jina la babu.

Kwa wale wadogo, Kamaru mkubwa alizaliwa mwaka wa 1939 huko Kangema, na kuanzia miaka ya 1960 hakuna aliyeyasema mambo ya jamii kwa Kikuyu kama yeye. Aliimba juu ya mwalimu anayemnyemelea mwanafunzi, na walimu wakakasirika. Aliimba juu ya J.M. Kariuki alipouawa mwaka wa 1975. Mwaka wa 1980 aliandamana na Rais Moi hadi Japani na akarudi na wimbo wa safari hiyo, na baadaye urafiki huo ukaingia shubiri. Mwaka wa 1993 aliokoka akageukia nyimbo za Injili, jambo ambalo baadhi ya mashabiki wake hawakumsamehe. Alifariki Oktoba 2018.

Sasa mjukuu. Ukitarajia gita la babu, utaduwaa. Santuri yake iliyomtoa inaitwa Peel, na ilitolewa mwaka wa 2020 na lebo ya Editions Mego ya huko Vienna. Haina ngoma wala mwimbaji. Ni sauti alizozinasa katika mazingira, kisha akazinyoosha kwa mitambo hadi zikawa kama ukungu wa asubuhi kule Limuru: huoni chochote, halafu taratibu unaanza kuona mti, halafu mwingine. Inachukua zaidi ya saa moja, na kipande cha mwisho peke yake kinapita dakika 20. Mara ya kwanza nilidhani redio imeharibika. Mara ya tatu nilikuwa nachambua mchele, na nilipomaliza mchele niliketi tu, sinia mapajani, nikingoja kiishe.

Je, ni muziki? Mzee wangu wa Nyeri atasema siyo. Mimi nasema uweke usiku watoto wakishalala, kwa sauti ya chini, usiufanye kazi ya kusikilizwa. Kama ukikushinda, usiutupe mkono huo bado, kwa sababu huyu kijana, ambaye makao yake siku hizi ni Berlin, ana kazi ya pili ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Amekuwa akizikusanya rekodi za babu yake, akizisafisha na kuzitoa upya mtandaoni, moja baada ya nyingine. Nyimbo ambazo kwa miaka mingi ulizipata tu kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa, leo unaweza kuzisikia gita likiwa gita. Mzee wa Nyeri, hiyo ndiyo yako. Mwambie mjukuu wako akutafutie Joseph Kamaru kwenye Bandcamp, halafu mketi naye, umtafsirie. Hakikisha tu umejiandaa kwa maswali, maana baadhi ya nyimbo hizo si za kutafsiriwa mbele ya mtoto wa miaka tisa.

Nikija pwani, mama wa Likoni, zawadi yako nimeipata. Inaitwa Siti of Unguja, ya Siti Muharam wa Zanzibar, iliyotolewa mwaka wa 2020 na lebo ndogo ya London iitwayo On the Corner. Huyu ni kitukuu cha Siti binti Saad.

Wengi wetu tulimjua Siti binti Saad kwa kitabu cha Shaaban Robert kabla ya kuisikia sauti yake hata siku moja. Binti wa watumwa, mzaliwa wa Fumba mwaka wa 1880, aliyeuza vyungu akitembea, akaingia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka wa 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Hadi wakati ule taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliileta kwa lugha ya watu wa Ng'ambo, akaimba waliyokuwa wakiyazungumza barazani: mahakama isiyo na haki, tajiri mwizi, mwanamume mwongo.

Kitukuu ameziimba nyimbo za bibi huyo, na mkuu wa muziki ni Mohamed Issa Matona, fundi wa fidla na udi anayejulikana sana Unguja. Utasikia qanun, udi na fidla kama inavyopasa, lakini chini yake kuna besi nzito na kidumbak inayokwenda kama moyo wa mtu aliyekimbia, na hapa na pale mitambo ya kisasa inapita kama upepo wa dirishani. Wanaoshika sana taarabu ya kale wanaweza kununa. Mimi naona imefanywa kwa adabu, na katika santuri zote za leo ndiyo ninayoipenda zaidi.

Sikiliza hasa "Kijiti". Wimbo huo unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akachukuliwa ngomani na mwanamume aitwaye Kijiti, akauawa. Muuaji akavuka bahari akatoroka. Waliofungwa ni wanawake waliokwenda mahakamani kueleza waliyoyaona. Karibu miaka mia imepita. Siti Muharam anauimba polepole, bila kulia na bila kupandisha sauti, na mimi nilijikuta nimezima jiko. Mpe mumeo asikilize hiyo kabla ya nyingine, kisha mwulize alikuwa anajua wimbo huo unahusu nini. Wanaume wengi wapenzi wa taarabu wanajua kuimbia, hawajui kilichoimbwa.

Ya tatu ni ya wanawake wawili, Pendo na Leah Zawose wa Bagamoyo, wanaojiita The Zawose Queens. Pendo ni binti na Leah ni mjukuu wa Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyefariki Desemba 2003, ambaye sauti yake iliweza kushuka hadi kisimani na kupanda hadi darini katika pumzi moja. Hukwe aliitwa na Mwalimu Nyerere kutoka Dodoma kuja kuimba, akafundisha Bagamoyo, akaizungusha ilimba na zeze la Kigogo dunia nzima. Lakini ukitazama picha za kundi la familia wakati huo, wanawake wako nyuma. Walipiga ngoma za muheme, walicheza, waliitikia. Aliyesimama mbele alikuwa mwanamume.

Santuri yao Maisha ilitoka mwaka wa 2024 kwa lebo ya Real World ya Uingereza, na humo ndipo wanapoimba wao, wanatunga wao na ilimba iko mikononi mwao. Kuna raha fulani ya kuwasikia watu waliongoja zamu yao kwa miaka ishirini. Sauti zinapishana na kushikana kwa namna ambayo kwaya yoyote ya kanisa itaionea wivu. Lalamiko langu ni moja tu: katika nyimbo mbili tatu watayarishaji wa Kiingereza wametia chumvi ya mitambo kuliko mboga ilivyohitaji. Zile zilizoachwa na ngoma, ilimba na makofi peke yake ndizo za kurudiarudia. Nyumba yenye wasichana wadogo iwe nayo.

Nisiwasahau wenye damu ya moto. Huko Kampala kuna lebo ambayo jina lake, Nyege Nyege Tapes, sisi wasemaji wa Kiswahili hatuwezi kulitaja mbele ya mkwe. Waganda wanasema kwao neno hilo ni hamu isiyozuilika ya kucheza, nasi tunanyamaza. Bunge lao lenyewe lilijaribu kulipiga marufuku tamasha la watu hao mwaka wa 2022, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Lebo hiyo ndiyo iliyoupeleka Ulaya muziki wa singeli wa Dar es Salaam, kuanzia na mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka wa 2017, uliotoka katika studio ndogo ya mtaa wa Mburahati. Singeli ni taarabu na mchiriku vilivyofukuzwa na mbwa. Kama unataka moja tu, chukua Mr Mixondo ya DJ Travella ya mwaka wa 2022, au Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko ya mwaka wa 2024. Inafaa kuosha gari, kufua mazulia na kuwaamsha vijana siku ya shule. Haifai kwa mwenye shinikizo la damu.

Lebo hiyo hiyo iliwatoa Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, kwa jina la Duma, yaani giza kwa Kikuyu. Santuri yao ya mwaka wa 2020 ni mayowe na vyuma. Sikuweza kuimaliza, lakini mwanangu ameimaliza mara nyingi, na amenieleza kwa subira kubwa kwamba huko Ulaya watu walikuwa wakilipa kiingilio kuwasikia Wanairobi hao. Nimekuandikia ili ukiyasikia hayo yakitoka chumbani kwa kijana wako usikimbilie kumwita mchungaji.

Sasa namna ya kuzipata, maana najua mtauliza. Nyingi za santuri hizi utazikuta Spotify, ambayo iliingia Kenya mwaka wa 2021, na YouTube pia. Kusikiliza huko si dhambi. Lakini elewa hesabu. Tangu mwaka wa 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haumletei mwenyewe hata senti moja kutoka Spotify. Mwimbaji wa zeze la Kigogo au mzee wa benga aliyesahauliwa anaweza kuwa na wasikilizaji mia sita waaminifu, na wote mia sita wakampa sufuri.

Bandcamp ni duka. Unanunua santuri mara moja, inakuwa yako, unaihifadhi. Wao hukata asilimia 15 kwa muziki wa kupakua na 10 kwa santuri ya kushikika au fulana, na nyingi iliyobaki humfikia msanii au lebo yake. Baadhi ya Ijumaa za mwaka huacha hata fungu lao, desturi iliyoanza Machi 2020 wakati wa korona, basi kama huna haraka, ngoja Ijumaa ya namna hiyo. Usiogope habari za kadi ya benki. Tangu mwaka wa 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa isiyoshikika, ile ya GlobalPay, unayoifungua kwenye simu yako na kulipia vitu vya ng'ambo. Ukishindwa, mtoto yeyote wa kidato cha pili atakufungulia kwa dakika tano na kukudai mandazi.

Nimefika kwa kijana wa Kisumu na katoni yake.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unasema kaseti ni thelathini na kitu, kwamba nyingine ni za mazoezi tu ya bendi, kwamba tayari moja dada yako alirekodia mahubiri bila kujua. Unasema pia kuna mtu ameweka nyimbo mbili za baba yako mtandaoni na haweki jina lake.

Anza leo, usingoje Desemba. Geuza kila kaseti utazame mgongo wake. Kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje vyote viwili, na hakuna atakayeweza kurekodi juu yake tena kwa bahati mbaya. Kisha tazama utepe wenyewe kwa mwangaza. Ukiona unga mweupe kama wa muhogo pembeni, hiyo ni kuvu. Itenge, usiitie katika mashine, maana itaziambukiza nyingine. Tazama kile kisponji kidogo cha katikati, kikiwa kimedondoka kaseti haitatoa sauti safi, ila kinaweza kuhamishwa kutoka kaseti isiyo na maana.

Usizicheze kwenye redio ya gari wala ya jikoni. Tafuta mashine nzuri moja, ufute kichwa chake kwa pamba na spiriti, uzungushe kila kaseti mbele hadi mwisho na kurudi, polepole, kabla ya kuicheza. Za dakika 90 zina utepe mwembamba, basi uwe na huruma. Chomeka waya kutoka tundu la vipokea sauti hadi kwenye kompyuta na urekodi kila upande mzima bila kukatiza, hata pale wanapocheka na kukosea. Hifadhi faili kubwa za WAV, zile ndogo za MP3 ni za kuwatumia jamaa. Nakala moja ibaki kwako, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Kuhusu haki, sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka wa 2001 inasema hivi: utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ni vitu viwili tofauti. Mzee Kamaru alifariki mwaka wa 2018, kwa hiyo tungo zake ni za warithi wake hadi mwisho wa mwaka wa 2068, ingawa rekodi zake za kwanza kabisa zimekwisha kupita muda wake. Nyimbo alizotunga baba yako ni za warithi wake, isipokuwa kama aliwahi kuziuza kwa maandishi. Kwa hiyo tafuta karatasi za zamani kabla ya kumtisha mtu. Wapo wenye lebo waliowapa wanamuziki shilingi mia chache na karatasi ya kutia sahihi, na karatasi hizo bado zina meno. Ukishajua mlicho nacho, ziandikishe kazi hizo katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

Kama hujui pa kuanzia, Nairobi kuna Ketebul Music, iliyoanzishwa mwaka wa 2007 na Tabu Osusa, aliyewahi kufanya kazi na Orchestra Virunga ya Samba Mapangala. Watu hao wametumia miaka mingi kuwatafuta wakongwe wa benga na wengine, kuwarekodi na kuandika habari zao.

Na jambo la mwisho, kijana wangu. Kaa na mama yako na hizo kaseti, moja moja, akuambie nani anapiga besi, nani anaitikia, ilikuwa ukumbi gani, na ule wimbo ulikuwa wa nani kabla hajaolewa. Uandike kwa kalamu ya wino palepale. Utepe unaweza kungoja miezi michache ukiwekwa pakavu. Umeniandikia kwamba mama ana miaka 81.

Jumapili ijayo nitajibu barua za wale wanaouliza kama bado kuna mahali pa kutengeneza gramafoni. Zileteni mapema.